Tairi la tela limepasuka na upepo ulikuwa sawa: anzia wapi kutafuta kosa

Shemeji yangu alinipigia simu mwezi wa Julai, saa nane mchana, akiwa kasimama pembeni ya barabara kuu ya Interstate 10, magharibi ya Phoenix, Arizona. "Shem, tairi limenilipukia. Na upepo nimepima leo leo asubuhi!" Alikuwa anaongea kama mtu aliyedhulumiwa. Tela lake ni lile la kupiga kambi, futi 33, ekseli mbili, vitanda na jiko ndani, kalinunua mkononi kwa mtu. Picha aliyonitumia ilionyesha kashata, yaani mpira wa nje wenye mistari unaogusa barabara, imechunika yote kama ganda la ndizi, waya ziko nje, bati la juu ya gurudumu limechanwa, na bomba la maji machafu linaning'inia.

Kitu cha kwanza alichotaka ni tairi "lenye nguvu zaidi". Nikamwambia asinunue chochote mpaka apite mizani. Mimi nimeendesha malori hapa Marekani, na lori halikai wiki bila kupimwa. Tela la matembezi ni kinyume chake, kwa kawaida hakuna anayekusimamisha, kwa hiyo wengi wanavuta nyumba nzima miaka mitano bila kujua ina uzito gani. Halafu tairi likilipuka lawama zote zinakwenda kwa kiwanda. Wenye matela wa huku wana hata jina la utani kwa tairi la bei rahisi, wanaliita bomu la China. Sikatai kwamba kuna matairi mabovu. Ila mengi niliyoyaona yamepasuka yalikuwa yamebebeshwa kupita namba iliyoandikwa ubavuni mwake.

Hebu tuanze na hiyo namba. Tairi la shemeji limeandikwa ST225/75R15, herufi D, pauni 2,540 kwa PSI 65 (PSI ni kipimo cha presha ya upepo). ST maana yake ni tairi la tela tu, haliruhusiwi kwenye gari linalobeba watu. Herufi D ni kiwango cha uimara. Ukitoka C kwenda D, E, F, G, tairi linakubali upepo mwingi zaidi, na kwa huo upepo linabeba zaidi. Pauni 2,540 ni kama kilo 1,150, kwa tairi moja. Na kilo hizo zinapatikana kwa upepo huo wa 65 tu, ukipimwa tairi likiwa la baridi, yaani limelala masaa matatu na jua halijalipiga. Likiwa na PSI 50, tairi hilohilo linabeba pauni 2,150. Umepoteza karibu pauni 400 kwenye kila gurudumu, na kwa macho tairi linaonekana limejaa vilevile.

Limepasuka, na upepo ulikuwa sawa

Huyu ndiye mgonjwa wa kawaida kuliko wote, na ndipo tutakapokaa zaidi.

Shemeji alipiga hesabu akiwa palepale barabarani: matairi manne mara 2,540 ni pauni 10,160. Kibandiko cha ubavuni mwa tela kinasema GVWR, yaani uzito wote unaoruhusiwa, ni pauni 9,800. "Shem, imebaki chenji." Kwa karatasi ni kweli. Lakini hesabu hiyo inaamini kwamba tela ni sinia, kwamba mzigo umekaa sawa pande zote nne. Tela si sinia.

Siku mbili baadaye tukalipeleka kwenye mizani ya CAT Scale, ile iliyopo kwenye vituo vya malori. Unapanda na pikapu na tela kama ulivyo, umepakia kama unavyosafiri, maji kwenye tangi, gesi, nguo, chakula, kila kitu. Magurudumu ya mbele ya pikapu yanakaa kwenye bamba la kwanza, ya nyuma la pili, ya tela la tatu. Unachukua karatasi. Kisha unaliacha tela pembeni, unarudi na pikapu peke yake. Ukitoa uzito wa pili kwenye jumla ya kwanza, umepata uzito wa tela zima.

Karatasi zikasema hivi: ekseli za tela pauni 9,140, tela zima 10,140. Kibandiko kinaruhusu ekseli mbili za pauni 4,400 kila moja, yaani 8,800. Kwa hiyo ekseli zimezidi kwa 340, na tela zima limezidi GVWR kwa 340. Matairi kwa jumla bado yako ndani. Shemeji akanitazama kwa jicho la ushindi.

Nikampeleka kwa jamaa mwenye mizani ndogo za kubebeka, anazipanga chini ya kila gurudumu. Upande wa kulia ulikuwa na pauni 4,140. Kushoto, 5,000. Kushoto ndiko kulikokaa jiko, friji, na kile chumba kinachosukumwa nje mkifika kambini. Na kati ya magurudumu mawili ya kushoto, la mbele lilibeba 2,430 na la nyuma 2,570. Tairi lililolipuka ni lipi? La nyuma kushoto.

Limezidi pauni 30 tu, utasema. Ndiyo, pauni 30 katika siku ya upepo kamili. Upepo ukipungua kidogo tu, zile 30 zinakuwa mia na zaidi. Ubavu wa tairi unakunjika zaidi kila mzunguko, kukunjika kunazaa joto, na joto ndilo linaloachanisha mpira na mikanda ya waya iliyo ndani yake. Haliwi jambo la siku moja. Tairi linaumia mwezi wa Mei, linakuja kufa Julai, asubuhi ambayo upepo wake uko sawa kabisa.

Ongeza spidi. Matairi mengi ya ST, hasa ya zamani, yametengenezwa kwa maili 65 kwa saa, kilomita kama 105, isipokuwa kama yana herufi ya spidi inayosema vinginevyo. Herufi hiyo iko mwishoni mwa mlolongo wa namba za ubavuni: J ni maili 62, L ni 75, M ni 81. Barabara kuu za Arizona nje ya miji zinaruhusu 75. Kwa hiyo unaweza kuwa umetii sheria ya barabara na bado umeivunja ya tairi. Shemeji alikiri alikuwa "kwenye sabini na kitu".

Dawa yake ilianzia kwenye mzigo. Tangi la maji safi la galoni 50 likijaa ni pauni 417, kilo kama 190, na yeye alikuwa anatoka nalo limejaa nyumbani wakati kambi anazokwenda zina bomba. Tukalimwaga. Tukafungua makabati. Dada yangu anapika kwa ajili ya watu kumi na wanne hata wakienda wanne, kwa hiyo kulikuwa na gunia la mchele la pauni 50, masufuria ya pilau, kinu na mchi, na kreti za maji ya kunywa juu ya tangi lenye maji. Vyote upande wa kushoto, maana ndiko jikoni. Tukashusha vitu vya kama pauni 300, vingine tukavihamishia kulia. Ekseli zikarudi 8,420.

Tairi moja lina joto kuliko wenzake

Nunua kile kipimajoto cha kuelekeza kama bastola. Kila unaposimama kuweka mafuta, zunguka tela uelekeze kwenye kitovu cha gurudumu na kwenye kashata, kwa kila tairi. Usihangaike sana na namba yenyewe, linganisha na jirani yake wa upande huohuo, kwa sababu upande unaopigwa na jua huwa na joto zaidi bila ya kosa lolote.

Kitovu cha moto sana na tairi la kawaida: kosa liko ndani. Beringi imekauka grisi au imekazwa mno, au breki inashika. Kuitofautisha, tembea kipande bila kukanyaga breki sana, kisha pima tena. Kikiendelea kuchemka, shuku beringi kwanza, ingawa breki iliyokwama nayo haingoji ukanyage. Piga jeki uzungushe gurudumu kwa mkono: breki inakwaruza, beringi mbovu inanguruma kama jiwe la kusagia.

Tairi la moto na kitovu cha kawaida: upepo umepungua au mzigo umezidi kwenye kona hiyo. Pima upepo. Ukiwa sawa na wenzake, rudi kwenye mizani.

Upepo umepanda sana mchana

Umeondoka na 65, saa nane geji inasoma 75 na kengele ya vihisi vya upepo inapiga kelele. Usiupunguze. Upepo hupanda kama asilimia mbili kwa kila nyuzi 10 za Fahrenheit, na kiwanda kililijua hilo kilipoandika 65 ya baridi. Ukiutoa mchana, kesho alfajiri una tairi lenye upepo pungufu na mzigo uleule. Kama mmoja umepanda kuliko wenzake wote, hilo ndilo la kulifuatilia.

Upepo unapungua taratibu na pancha haionekani

Tia maji ya sabuni kwenye valvu kabla ya kutafuta msumari. Valvu za mpira za kawaida zile fupi zina mwisho wake, nyingi ni za PSI 65 tu. Mtu akibadilisha matairi kutoka D kwenda E akajaza 80, fundi asipobadilisha valvu, ndipo inapoanza kuvujia shinani. Vihisi vizito vya chuma vinavyofungwa juu ya valvu ya mpira navyo huiyumbisha ikachoka. Weka za chuma zenye nati, uachane na habari hiyo.

Kashata inaisha vibaya

Kingo zote mbili zimeisha, katikati pamebaki: upepo mdogo au mzigo mkubwa. Katikati pameisha: upepo mwingi kuliko mzigo, jambo la nadra kwenye tela kubwa. Ukingo mmoja tu, hasa wa ndani, tena kwenye matairi ya ekseli moja: ekseli imeinama. Ekseli ya tela hutengenezwa ikiwa na kiupinde kidogo kuelekea juu, ili ikibebeshwa inyooke. Ukiizidishia inapita pale pa kunyooka, magurudumu yanaegemea ndani kwa juu, na mpira unaliwa upande wa ndani ambako huoni ukisimama pembeni. Ingiza mkono nyuma ya tairi upapase. Kubadilisha matairi bila kunyoosha ekseli ni kuilisha.

Tela linatetemeka, au kuna kivimbe kwenye kashata

Hapa pana somo ambalo dereva wa gari dogo hajawahi kukutana nalo. Ekseli mbili zilizokaribiana, zisizogeuka, zikikata kona kali, matairi yote hayawezi kufuata njia yake. Moja linaburutwa kwenda pembeni huku lingine likiburutwa upande wa pili. Simama nje mwenzako anapolirudisha tela kinyumenyume kwenye nafasi nyembamba ya kambi, utaona ubavu unavyojikunja mpaka unahurumia. Nguvu hiyo inavuta mkanda mmoja wa waya mbali na mwenzake, hasa kwenye kingo. Ndiyo sababu matairi ya tela la ekseli mbili au tatu huachana mikanda mapema kuliko ya gari, na ndiyo sababu mimi husema tela la namna hii lijazwe upepo mpaka ule ulioandikwa ubavuni, hata kama mizani inasema ungeweza kupunguza. Tairi gumu linajikunja kidogo.

Kukagua: piga jeki kwenye fremu, usipige katikati ya ekseli kwa maana utaipinda. Gurudumu likining'inia, tegesha kipande cha ubao chini chenye penseli iliyofungwa, ncha yake ikiwa milimita tano kutoka kwenye kashata. Zungusha polepole kwa mkono, chuchumaa utazame ile nafasi. Ikibaki vilevile mzunguko mzima, salama. Ikiziba mahali pamoja, au mistari ya kashata ikienda kombo kama mshono uliokosewa, mikanda imeanza kuachana. Kisha sogeza penseli kwenye ubavu urudie. Kwenye tela la shemeji, tairi la mbele kushoto, ambalo halikupasuka, liligusa penseli mara moja kila mzunguko, taratibu kabisa, tik, tik. Maana yake ni hii: la nyuma lilipokufa, lile la mbele lilibeba mzigo wa wawili mpaka pikapu iliposimama. Tairi likipasuka kwenye tela la ekseli mbili, jirani yake wa upande huo umkague hivyo kabla hujamwamini tena. Mimi namtoa moja kwa moja.

Nyufa ubavuni, kashata bado nzuri

Tairi la tela halizeeki kwa kutembea. Linazeeka kwa kusimama uani miezi tisa juani limebeba uzito mahali palepale. Tafuta ubavuni maandishi yanayoanza na herufi DOT, tarakimu nne za mwisho ni wiki na mwaka wa kutengenezwa: 3119 ni wiki ya 31 ya 2019. Usipoziona upande wa nje, lala chini uangalie wa ndani, mara nyingi zimechapwa upande mmoja tu. Mimi baada ya miaka mitano naanza kuyakagua kwa wasiwasi, ya sita nayatoa hata kama kashata inang'aa. Vifuniko vya turubai dhidi ya jua vinasaidia.

Sasa, niweke tairi lenye nguvu zaidi?

Swali la shemeji lilirudi, na sasa lilikuwa na haki ya kujibiwa. Saizi yake, ST225/75R15, ipo ya herufi E, pauni 2,830 kwa PSI 80. Lakini E ukiijaza 65 inabeba 2,540, sawasawa na ile D uliyoitupa. Unalipia zaidi upate kilekile. Ili upate 2,830 lazima ujaze 80, na rimu nayo lazima iwe inakubali. Uzito na upepo wa rimu huchapwa nyuma yake au ndani ya spoku. Ukikuta rimu ya pauni 2,540, tairi la E linakupa nafasi ya kupumua ila halikupi ruhusa ya kupakia.

Na ekseli haijui umebadilisha tairi. Ya pauni 4,400 inabaki 4,400 hata ukiivalisha matairi ya lori. Kwenye mnyororo huu wa springi, ekseli, rimu na tairi, kile kidogo kuliko vyote ndicho unachopakia.

Wengine wanahamia matairi ya LT ya pikapu, wakiamini ni magumu zaidi. Kwenye inchi 16, LT235/85R16 ya E inabeba pauni 3,042 kwa PSI 80, wakati ST235/80R16 ya E inabeba 3,420 kwa PSI 80. Umepungukiwa karibu pauni 380 kwa kila gurudumu. LT nzuri kwenye tela jepesi haina ubaya. Kwenye tela lililojaa unaanza safari ukiwa umeshazidisha.

Rimu za shemeji zilikuwa za 2,830 kwa 80, bahati yake. Akaamua kuagiza E nne, na valvu za chuma. Kwa mzigo mpya, gurudumu zito kuliko yote linabeba kama 2,370, na kati ya hapo na 2,830 ndipo joto la Julai litakapokaa. Nati za magurudumu tulikubaliana azikaze tena baada ya maili 10, 25 na 50, kwa spana ya kipimo, si kwa kuikanyaga na mguu.

"Spea ipo," akaniambia, "haijatembea hata maili mia, ni ile tu niliyokujia nayo." Nikaipapasa ubavuni, vumbi jeusi likabaki kwenye vidole. Nyufa nyembamba zimezunguka pembeni mwa rimu, na DOT inasoma 2714. Tela ni la mwaka 2015, kwa hiyo spea hiyo ilikuwa imening'inia nyuma ya tela, juani, tangu siku tela lilipotoka kiwandani. Na ndiyo iliyomfikisha nyumbani.

Akachukua simu akarekebisha oda, kutoka nne kwenda tano.